TANGI LA MAFUTA LA MTUMBWI: KULISAFISHA NA KULIZIBA

Wengi wenu mnaoishi mialoni mnafanya kazi na mashine za mitumbwi. Wengine ni matajiri wa mitumbwi, wengine ni wavuvi wa kulipwa. Mashine mnaitunza sana. Mnaifunika turubai, na usiku mnailaza ndani ya nyumba kama mtoto. Lakini tangi la mafuta linabaki huko huko mtumbwini, juani na mvuani, mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayelikumbuka mpaka siku mashine inapozima katikati ya ziwa.

Katika darasa letu moja la mwaloni, huku Ziwa Victoria, mzee mmoja mwanakisomo alitueleza yaliyompata. Walitoka jioni watu 4 kwenda kutega nyavu za sangara. Mashine iliwaka vizuri. Walipofika mbali ikakohoa, ikazima. Wakavuta kamba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wakafungua plagi, wakaifuta, wakairudisha. Mashine ikawaka, ikaenda dakika 5, ikazima tena. Upepo ukaanza kuwasukuma. Kasia walikuwa nalo moja tu, tena limepasuka. Usiku kucha walikuwa wakichota maji yanayoingia mtumbwini. Alfajiri wakaonwa na wavuvi wa dagaa, wakavutwa mpaka ufukweni.

Fundi alipofungua kabureta alikuta maji na unga mwekundu. Unga ule ulikuwa kutu ya tangi. Na maji yenyewe yaliyokutwa katika tangi hayakujaza hata kikombe cha chai!

Tulimwuliza, "Mzee, tangi hili ulilisafisha lini?" Akacheka. "Mwalimu, kwani tangi nalo husafishwa?"

Kisha akasema jambo lililotushtua. Alisema tangi lile lina tundu chini, na kesho yake anampelekea fundi wa kuchomelea vyuma. "Halina neno, Mwalimu," akasema, "mafuta nimekwisha kuyamwaga. Ni tupu."

Kwa ajili ya neno hilo moja, "ni tupu", tumeamua kuandika makala hii.

TANGI TUPU LINA NINI NDANI?

Petroli haiwaki ikiwa maji maji. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo huuoni kwa macho, ila unausikia kwa pua. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata usiku wa baridi. Huna haja ya kuipasha moto.

Ili mvuke huo ulipuke ni lazima uchanganyike na hewa kwa kiasi fulani. Katika sehemu 100 za hewa, mvuke ukiwa kiasi cha sehemu 1 na nusu mpaka 7 hivi, cheche moja inatosha. Ukipungua sana hauwaki. Ukizidi sana pia hauwaki, kwa sababu hewa haitoshi.

Sasa basi, fikiri juu ya tangi lililojaa mpaka juu. Ndani mna petroli tupu, nafasi ya hewa ni ndogo mno. Halafu fikiri juu ya tangi lililomwagwa. Ndani mna hewa tele, na kutani mna petroli kidogo iliyobaki, pengine matone machache kwenye pembe na kwenye kutu. Matone hayo yanageuka mvuke, mvuke unachanganyika na hewa. Kwa tangi la lita 24, petroli isiyojaza kijiko kimoja cha chai inatosha kulifanya bomu. Kwa hiyo lile linaloitwa tupu ndilo la kuogopwa zaidi. Mafundi wenye uzoefu wamekufa au wamepoteza macho kwa kuchomelea matangi na mapipa ya namna hii.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unashuka na kutambaa chini kama maji, unajaa katika sakafu ya mtumbwi, unatembea juu ya mchanga mpaka kwenye jiko la mama anayekaanga samaki. Moto ukiukuta huko, unarudi nao mpaka ulikotoka. Wote tunakumbuka Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuteka petroli, ikawaka. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua tangi, lipeleke mahali peupe penye upepo, mbali na majiko, mbali na karabai, mbali na pikipiki iliyowashwa. Kazi hii ni ya mchana. Mwenye sigara akae kando. Watoto pia, kwa maana watoto hupenda kutazama. Na ukitaka kuona ndani ya tangi usiwashe kiberiti, wala koroboi! Chukua kioo cha kujitazamia, ulimulike jua liingie kwenye mdomo wa tangi. Utaona kila kitu, na jua halina bei.

MAJI YANAINGIAJE?

Wengine wanasema wauza mafuta wanatia maji. Huenda yuko mwenye tabia hiyo, lakini mara nyingi maji tunayatia sisi wenyewe. Mvua inanyesha, mfuniko hauna mpira wake. Au unamimina kutoka kwenye dumu lililooshwa na halikukauka.

Iko njia nyingine ambayo watu hawaijui. Mfuniko wa tangi una kitundu cha pumzi. Mafuta yakipungua, hewa inaingia kushika nafasi yake. Hewa ya ziwani ina unyevu. Usiku tangi linapoa, na ule unyevu unageuka matone ya maji kwenye kuta za ndani, kama umande unavyoshika mabati ya nyumba. Matone yanateremka. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yanapita katikati yake na kutulia chini kabisa. Usiku wa kwanza ni matone mawili matatu. Baada ya miezi mingi ni nusu kikombe. Na bomba linalonyonya mafuta limefika wapi? Chini kabisa.

Maji yakilala chini ya tangi la chuma, kutu inaanza pale pale. Ndiyo maana matangi mengi hutoboka chini na si juu. Tangi linalolazwa likiwa nusu hupata maji mengi kuliko linalolazwa limejaa.

Unaweza kupima mwenyewe. Nyonya mafuta ya chini ya tangi kwa pampu ndogo ya mkono, uyatie katika chupa nyeupe ya kioo, uiache itulie robo saa. Kama yana maji utaona mstari katikati, petroli juu, maji chini. Usinyonye kwa mdomo. Najua wengi mnafanya hivyo, na sisi tumewaona. Petroli ikiteleza ikaingia katika mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, msimtapishe, mkimbizeni zahanati.

Hapa tuseme neno juu ya kile kitundu cha pumzi. Ukisahau kukifungua, mashine itakwenda dakika chache halafu itazima, kana kwamba tangi ni chafu. Ukilegeza mfuniko itawaka tena. Kwa hiyo kabla ya kuchukua sabuni na maji, hakikisha kwanza kitundu hicho. Huenda huna kazi yo yote ya kufanya.

KAZI YA KUOSHA

Toa mpira wa mafuta. Mwaga petroli yote iliyobaki katika dumu la chuma lenye mfuniko. Andika juu yake kwa rangi: PETROLI CHAFU. HATARI. Mtu aliyesoma kisomo haandiki jina lake tu. Petroli hiyo usiimwage ziwani tunakochota maji, wala karibu na kisima. Wala usiichanganye na mafuta ya taa ya koroboi kwa kuona huruma kwamba inapotea. Taa ya mafuta ya taa ikitiwa petroli hulipuka mezani, mbele ya watoto.

Baada ya hapo fungua lile bomba la kunyonyea lililo juu ya tangi. Chini yake mna kichujio kidogo cha wavu. Ukikikuta kimezibwa na matope meusi, bila shaka umempata mchawi wako. Kisugue taratibu kwa mswaki wa zamani na sabuni. Usikichokonoe kwa msumari, wavu ukitoboka hauna kazi tena.

Tia maji ya moto na sabuni ya unga katika tangi, kiasi cha robo. Maji uyachemshe mbali, uje nayo kwenye ndoo. Moto usije kwenye tangi. Funga mdomo, tikisa, geuza, mwaga katika shimo ulilochimba mbali na maji. Halafu tena. Halafu tena. Watu huosha mara moja wakachoka, lakini harufu bado iko. Osha mpaka maji yatoke safi na pua isisikie petroli. Hata hivyo pua si kipimo cha kumwita fundi wa moto. Petroli hujificha chini ya kutu na kwenye mikunjo ya bati, na joto likija inatoka.

Sasa tazama tangi ni la kitu gani. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa itakusaidia. Ikinasa, hilo ni la chuma. Isiponasa na tangi ni la bati jeupe jepesi, hilo ni la aluminiamu. Mengi ya siku hizi ni ya plastiki nyekundu, hayo kila mtu anayajua. La plastiki na la aluminiamu huishia hapo, sabuni na maji tu. La chuma lina kazi zaidi.

KUTU

Okota kokoto ndogo zenye pembe, ukubwa wa punje ya mahindi. Zioshe. Zihesabu. Tuseme ni 50. Andika 50 mahali, hata kwenye mkono. Zitie katika tangi pamoja na maji ya sabuni, kisha tikisa. Tikisa kweli kweli, huku na huku, mpaka jasho. Wakiwepo vijana wawili wapokezane. Kokoto zinakwangua kutu, na maji yanatoka mekundu kama udongo wa mfinyanzi. Ukimaliza zitoe na uzihesabu tena. Zikitoka 49, kazi haijaisha. Ile moja ndiyo itakayokuziba siku ya dhoruba.

Kutu iliyong'ang'ania inatolewa kwa uchachu. Tia siki lita 2 au 3, au maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri. Acha tangi lilale usiku mmoja upande huu, usiku wa pili upande ule. Usifunge mfuniko. Uchachu na chuma vikikutana hutoa hewa ambayo nayo inawaka, kwa hiyo iache itoke, na moto ukae mbali kama mwanzo. Baada ya hapo mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua uchachu, halafu maji matupu mara mbili. Magadi haya ni kwa tangi la chuma peke yake. Katika la aluminiamu magadi hula bati lenyewe.

Tangi la chuma likishaoshwa likiachwa na unyevu hushika kutu mpya siku hiyo hiyo. Lianike juani, mdomo chini, halafu mdomo juu, mpaka likauke kabisa. Papo hapo tia kikombe kimoja cha petroli iliyochanganywa na oili, lizungushe ili kuta zote zipate utando wa oili, na umwage. Hili lifanye baada ya kuziba matundu, si kabla. Ukilianza hili kwanza utakuwa umelirudishia tangi bomu lake.

KUZIBA TUNDU

Kwanza ulijue tundu lenyewe. Futa tangi nje likauke, lipake unga wa chaki, lijaze maji safi, uliweke juu ya matofali mawili kwa saa chache. Mahali chaki inapolowa ndipo penye tundu. Usidharau jasho dogo. Maji yakipita, petroli itapita zaidi.

Ukiwa safarini na tundu likajitokeza, sabuni ya mche inasaidia. Ikande mpaka iwe laini kama ugali, uisugue kwenye tundu kwa nje. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo yanaiyeyusha. Kwa hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Wako watu wanaotembea na sabuni hiyo miezi 6, na chini ya mtumbwi petroli inadondoka tone tone karibu na taa.

Tundu dogo la sindano katika tangi la chuma huzibwa vizuri kwa gundi ngumu ya tyubu mbili, ile inayochanganywa nusu kwa nusu. Soma karatasi yake kama inasema inavumilia petroli. Ziko zisizovumilia, zinalainika kama uji. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, upana wa vidole vitatu kuzunguka tundu. Watu wengi wanaruka kazi hii, halafu wanalaumu gundi. Gundi haishiki kutu, inashika chuma. Paka, weka juu yake kipande cha bati jembamba kilichosuguliwa vile vile, paka tena juu. Liache likauke kwa muda ulioandikwa, mara nyingi siku nzima. Usilijaribu jioni ile ile kwa sababu kesho kuna safari.

Tangi la plastiki lililopasuka ni habari nyingine. Plastiki ile haishikwi na gundi za dukani. Itakaa wiki moja, itabanduka. Wengine huyeyusha plastiki kwa kisu cha moto, na hapo tumerudi kule kule kwa moto na mvuke. Tangi la plastiki lililopasuka libadilishwe. Tunajua kwamba fedha ni ngumu. Lakini usibadilishe kwa dumu la mafuta ya kula kama tunavyoona mialoni. Dumu lile ni jembamba, petroli hulilegeza, na halina kitundu cha pumzi wala mahali pa kufunga mpira.

Na kuchomelea? Kwa maoni yetu, msichomelee. Kama ni lazima, kazi hiyo ni ya fundi anayejua matangi. Jambo moja mlitazame kwake: fundi anayejua ataliosha tena yeye mwenyewe hata ukimwapia kwamba limeoshwa, na atalijaza maji mpaka karibu na tundu, ili ndani pasibaki nafasi ya mvuke. Ukimwona fundi analipokea tangi, analinusa tu, kisha anashika mashine yake ya moto, chukua tangi lako uondoke. Akicheka, mwache acheke.

Liko tangi lisilostahili kuzibwa. Bonyeza chini yake kwa kidole gumba. Bati likilegea, au ukikwangua kutu na matundu yakazidi kutokea, hilo limekwisha. Ukiziba moja, kesho litatoboka pengine. Mzee wetu wa mwaloni alibonyeza la kwake mbele ya darasa, kidole kikaingia ndani. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Basi kesho siendi kwa fundi."

KABLA YA KURUDI ZIWANI

Utazame mpira wa mafuta wote, ukiukunja kidogo kidogo. Wenye nyufa hunyonya hewa, na mashine itazima hata kama tangi linang'aa. Lile boga la mpira la kubonyeza lina mshale. Mshale uelekee kwenye mashine.

Changanya petroli na oili kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za kuchanganya hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, maana yake lita 25 kwa nusu lita. Lakini si zote, kwa hiyo soma au uliza. Mimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Tangi ulijaze likiwa nchi kavu, si ndani ya mtumbwi, ili kinachomwagika kisikae chini ya miguu yenu.

Siku ya kwanza msiende mbali. Zungukeni mbele ya mwalo kwa nusu saa, mwendo wa pole na mwendo wa kasi. Rudini, nyonyeni tena mafuta ya chini ya tangi, mtie katika chupa, muiache itulie. Kama chini ni safi, tegeni nyavu. Na makasia yawe mawili, mazima.